Buti la Leeds, risiti ya Gerezani

Ilianza Novemba. Nikibonyeza kitufe, mlango wa buti la gari langu unafunguka nusu, unalia mara tatu, unarudi chini. Siku za mwanzo nilidhani nabonyeza vibaya. Kisha jioni moja, mvua inanyesha, nimeinama kutoa mifuko ya sokoni, ukashuka wenyewe ukanipiga begani. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amesimama hatua moja tu nyuma yangu. Kuanzia hapo sikuweza tena kuliona kuwa jambo dogo.

Gari nililinunua Septemba kwa muuzaji wa hapa Leeds, Uingereza. Lilikuwa limetumika miaka miwili na waranti ya mtengenezaji ilikuwa haijaisha. Nikalipeleka. Wakaliunganisha na kompyuta, wakafungua na kufunga buti mara kadhaa humo ndani kwenye joto, wakanipa funguo na karatasi: hakuna hitilafu iliyoonekana. Nikawaeleza kwamba linagoma asubuhi za baridi. Kijana aliyenihudumia, mwenye adabu kabisa, akasema kompyuta haijahifadhi kosa lolote, na bila kosa kwenye kompyuta mtengenezaji hatawalipa kazi ya kufungua na kuchunguza.

Usiku nikampigia video shemeji yangu, mume wa dada, ana gereji Gerezani pale Dar es Salaam. Akaniambia, "Shemeji, toka nje na simu. Umeona ule mpira mweusi unaotoka kwenye bodi unaingia kwenye mlango, pale juu karibu na bawaba? Ushike, uukunje taratibu, na mtu abonyeze kitufe." Nikaukunja. Mlango ukapanda mpaka juu. Nikauachia, ukagoma. "Waya umekatika humo ndani," akasema. "Kila ukifungua buti nyaya zinakunjwa palepale, na baridi inaukaza mpira. Wasije wakakubadilishia shokapu za buti, hazina kosa."

Haikufika dakika kumi, kwa simu, kutoka bara jingine.

Nayasema haya kwa sababu nyumbani tunaaminishana kwamba Ulaya imetuzidi mafundi. Haijatuzidi. Fundi wa kwetu anasikiliza kifaa, anakishika, anauliza kilianza lini. Hapa niliyemkuta anasoma kioo cha kompyuta, na kioo kikinyamaza naye amefika mwisho. Ningekuwa Dar, shemeji angeupasua ule mpira asubuhi, akaunga waya, na saa nne niko njiani. Leeds sikuthubutu hata kuugusa, maana wangesema mkono wa mtu mwingine umeingia.

Walipoona sikomi kurudi, danadana zikaanza: piga simu kwa mtengenezaji, waranti ni yake, sisi tumeuza tu. Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Mombasa tunayesali naye. Akaniambia achana na waranti, hiyo ni ahadi ya mtengenezaji, shika sheria. Uingereza ina sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, na hiyo inambana aliyekuuzia, si kiwanda. Ndani ya siku 30 bidhaa mbovu unairudisha na kudai fedha yako. Baada ya hapo, mpaka miezi 6, ubovu ukijitokeza unahesabiwa ulikuwepo tangu siku ya mauzo, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo ni ya muuzaji. Anapewa nafasi moja ya kutengeneza. Akishindwa, una haki ya kulikataa gari, ingawa anaruhusiwa kukata kiasi fulani kwa matumizi. Hata gari lililotumika limo, na hakuna maandishi ya kwenye risiti yanayoweza kumvua wajibu huo.

Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nikataja sheria, nikaambatanisha video saba za asubuhi saba. Wakabadilisha shokapu, zilezile alizozikataa shemeji. Baada ya wiki mbili mlango ukagoma. Nikawaandikia kwamba nafasi yao wameshaitumia. Siku hiyohiyo wakaupasua ule mpira: nyaya mbili zimekatika, shaba inaning'inia. Wakaweka nyaya mpya zote, bila kunidai hata senti, na kwa siku mbili langu likiwa kwao nikaendesha gari lao.

Nilipiga picha zile nyaya nikamtumia shemeji. Nilitegemea atafurahi. Akanijibu kwa picha yake: mota ya buti ya Harrier, aliyoinunua dukani kwa ajili ya mteja, imefanya kazi siku mbili ikafa. Pembeni ameweka risiti, na chini yake ule mstari tunaoujua wote, kwa wino mwekundu: mali ikishauzwa hairudishwi. Mteja hamjui mwenye duka, anamjua fundi. Kwa hiyo mota ya pili shemeji alinunua kwa fedha yake.

Mstari ule unaniuma. Tumekua nao mpaka tunauona kama sehemu ya karatasi. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomgusa pia mlaji. Kenya imeweka haki za mlaji ndani ya katiba yake ya 2010, ibara ya 46. Vitabu tunavyo. Lakini pale kaunta mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mwenye risiti, na muuzaji anakwambia umeiunguza mwenyewe. Utaithibitishaje mota iliyoungua?

Najua jibu la wafanyabiashara: vipuri vingi ni mitumba, nani atadhamini mtumba? Gari langu nalo ni mtumba. Sheria ya huku inaangalia umri na bei, haimdai muuzaji kitu kipya, inamdai kitu kinachofanya kazi. Sidai hata miezi sita kwa Gerezani. Siku thelathini zingemtosha shemeji.