Peugeot 404 ya papa haitaendeshwa mpaka Dar es Salaam

Tangu yaya, ndugu yetu mkubwa, atuambie kwamba anaitaka 404 ya papa, baba yetu, huko Dar es Salaam anakokaa, kila mgeni anayeingia kwetu Kamalondo, hapa Lubumbashi, ana shauri lake. Wengi wanasema: iendesheni tu. Si ndiyo motokari iliyoshinda Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968? Bert Shankland na Chris Rothwell walishinda kwa Peugeot 404 mara mbili mfululizo. Lami ya Zambia itaishinda nini?

Historia hiyo naipenda sana, lakini hoja yenyewe naikataa. Magari ya mashindano yalikuwa mapya, na mafundi waliyangojea njiani wakiwa na vipuri mkononi. Yetu ni ya 1965, ina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na usukani uko kushoto. Ukivuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa unahamia upande wa kushoto wa barabara, na dereva aliyekaa kushoto hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita mpaka atoe kwanza nusu ya gari. Endelea hivyo toka Chingola hadi Tunduma, halafu uteremke mlima Kitonga na malori ya shaba yakikupumulia mgongoni. Pengine itafika. Kwa gari aliloliosha papa kila Jumapili, mimi sitaki pengine.

Reli nimeifikiria pia. Njia yetu, ya Zambia na ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia) zina upana mmoja, milimita 1,067, kwa hiyo behewa linaweza kutoka hapa, likapita Sakania na Kapiri Mposhi, likafika baharini bila mzigo kupakuliwa. TAZARA peke yake ni kilomita 1,860. Lakini kila stesheni wanapopanga mabehewa, yanagongana, na gari lililosimama juu ya springi zake linavuta kamba kwa kila pigo. Tena behewa hulala mahali pengi usiku, bila mtu wetu kando yake.

Basi kamio, yaani lori, la wazi? Hapo nina kidonda. Miaka sita iliyopita baba mdogo alipeleka Mercedes yake Kolwezi. Mwenye kamio alikuwa na bei nzuri, na vijana wake walikuwa na haraka. Walipitisha mnyororo kwenye bampa ya mbele, wakakaza. Kolwezi si mbali, lakini gari lilipofika nilipitisha kidole chini ya taa ya kushoto nikakuta mfereji: mnyororo ulikuwa umesaga rangi mpaka kwenye bati, na vumbi jekundu limejaa ndani yake. Nyota ya boneti haikuwepo. Fundi aliinyoosha bampa, ila kromu haikurudi. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia njia yoyote, namwuliza kwanza: mikono mingapi itaigusa?

Ndiyo maana nasema kontena ya futi 20, juu ya lori moja, toka Lubumbashi hadi mlangoni kwa yaya. Inapakiwa mbele ya macho yetu, inafungwa kwa lakiri, na isipokuwa duane (forodha) wakitaka kukagua, haifunguliwi. Bei ni kubwa zaidi, sikatai. Lakini malori mengi hupanda kutoka bandari yakiwa na mizigo ya watu wa Kongo, na mwenye lori anayeshuka bila mzigo husikiliza bei. Msimfuate anayetafutwa na kampuni za shaba, huyo hakosi mzigo.

Nimepima kwa kamba. Ndani ya kontena kuna mita 5.9 kwa urefu na 2.35 kwa upana. 404 ina mita 4.44 kwa 1.61. Kila upande zinabaki sentimita 37, kwa hiyo atakayeiingiza awe mwembamba, na vioo viteremshwe kabla. Mikanda ipite kwenye magurudumu, isiguse bampa wala bodi, na vigogo vipigiliwe misumari sakafuni mbele na nyuma ya tairi. Betri ifunguliwe, esansi (petroli) ibaki kidogo. Wanaotaka kuifunika plastiki naomba waache: usiku kontena hutoa jasho, na plastiki huufungia unyevu juu ya rangi. Shuka la pamba linatosha. Nakala ya karti rozi (kadi ya gari) na picha za kila kona tumpe yaya kabla lori halijaondoka, namba ya shasi ionekane.

Jumatatu naenda kuiona kontena waliyotuonyesha. Nitaingia, nimwombe mlinzi afunge milango yote miwili, nisimame gizani nitazame juu na pembeni. Nikiona hata tundu moja la mwanga, naomba nyingine.