Wao Wamehifadhi Hadi Bwawa la Samaki

Jumapili asubuhi jirani yangu alibisha hodi akiwa na kipande cha bati mkononi. Ni mzee wa miaka themanini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa Florence, South Carolina, Marekani. Bati lenyewe ni la ukubwa wa sinia ya chai. Upande mmoja ni jeupe, upande wa pili limekwaruzwa mpaka rangi imetoka na chuma kimebaki kinang'aa. Alilitoa kwenye mfuko wa nguo kama anayetoa mtoto kitandani, akaniambia shika. Aliliokota akiwa mvulana, yeye na baba yake, baada ya mbio za magari za Southern 500 pale Darlington. Lilitoka ubavuni mwa gari lililoparuza ukuta, na mzee anajua ni kona ipi.

Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto, lakini nilisimama pale mlangoni karibu saa nzima. Nilifurahi sana. Alipoondoka nikakaa kitini nikajikuta nimekasirika, na hasira hiyo haikuwa juu yake.

Darlington ni mji mdogo, dakika ishirini hivi kutoka kwangu. Harold Brasington, mfanyabiashara wa pale, alikuwa amekwenda Indianapolis kuona mbio, akarudi na wazo la kujenga uwanja wa lami ambapo magari ya kawaida, yale yale ya kununua dukani, yangekimbia maili 500. Watu walimwona amechanganyikiwa. Alinunua shamba la Sherman Ramsey, na Ramsey alimpa sharti moja: bwawa lake la visamaki vya chambo lisiguswe. Basi upande mmoja wa uwanja ukabanwa ili kulikwepa bwawa, na uwanja ukatoka na umbo la yai. Mpaka leo kona za huku hazilingani na za kule. Fundi akilitengeneza gari lipite vizuri upande mmoja, litamsumbua dereva upande wa pili, na njia ya kasi inapita karibu kabisa na ukuta wa nje, ndiyo maana magari huuparuza. Ule mkwaruzo una jina lake, wanauita mstari wa Darlington.

Mbio za kwanza zilikuwa Septemba 4, 1950, sikukuu yao ya wafanyakazi. Walianza na magari 75. Johnny Mantz alianza nafasi ya 43 na Plymouth ambayo haikuwa na mbio za kumtisha mtu, ila alikuwa ameifunga tairi ngumu za lori. Wenzake walimpita watakavyo, kisha tairi zao zikaanza kupasuka moja baada ya nyingine. Mantz aliendelea na mwendo wake ule ule kwa zaidi ya saa sita na nusu, akamaliza mizunguko 9 mbele ya wa pili.

Haya yote sikuyasoma popote. Nimeyasikia kwa huyu mzee, kwa kinyozi, kwa dada wa kaunta pale kituo cha mafuta. Kila mmoja ana kipande chake cha hadithi, na bwawa halikosi.

Sasa niambieni sisi.

Mwaka 1953, miaka mitatu tu baada ya Darlington, magari yalitoka kuvuka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa mara ya kwanza, mbio ambazo leo tunaziita Safari Rally. Husimuliwa kwamba Eric Cecil alimwambia binamu yake Neil Vincent waende kushindana uwanja wa Langa Langa, kule Gilgil, na Vincent akakataa. Kuzunguka kipande kile kile cha barabara kulimchosha. Alitaka mbio za kupanda gari, kufunga mlango, kuikata nusu ya Afrika na kurudi. Hebu fikirieni ukubwa wa wazo hilo! Darlington walilizunguka bwawa la visamaki. Sisi tulikuwa tunalizunguka Ziwa Victoria.

Mwaka 1968 matope yaliyameza magari yote yakabaki saba. Joginder Singh, fundi wa kwetu, alishinda 1965 na Volvo, akashinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979. Nilipokuwa mtoto Nakuru, matatu ikipita kwa kasi tulipiga kelele "Njiru! Njiru!", kwa sababu Patrick Njiru alikuwa ameshinda kwenye daraja la magari madogo mwaka 1993 na kile kigari kidogo cha Subaru Vivio. Kaka zangu walisuka magari ya waya, wakayaandika namba kwa chaki.

Muulize leo kijana wa miaka ishirini Nakuru, Kampala au Arusha. Mganda na Mtanzania wengi hata hawajui kwamba mbio hizi zilikuwa zao pia. Barabara walizopita zipo, watu waliosimama kandokando bado wanaishi, na hakuna anayewauliza.

Baba yangu mdogo alikuwa fundi. Kila Pasaka, wakati wa Safari, alitoweka siku nne, akarudi macho mekundu, vumbi mpaka kwenye kope. Kazi yake ilikuwa kukaa mahali palipopangwa, porini, kusubiri gari la timu yao lifike, na likifika walikuwa na dakika za kuhesabu. Amebadilisha giaboksi gizani, amelala chali kwenye matope, tochi ameibana mdomoni. Picha zake, kadi za timu na fulana moja aliviweka kwenye kopo la biskuti. Gereji ilipohama kopo likaenda na takataka. Hakuna aliyefanya ubaya, walikuwa wanasafisha tu. Na mimi nilikuwepo siku hiyo, nikapita na ndoo yangu.

Najua mtakayosema. Huyu kapanda ndege juzi, sasa anatufundisha kupenda kwetu. Watu wanahangaika na bei ya unga, karo na kodi ya nyumba, yeye analeta habari za magari. Ndugu zangu, bei ya unga naijua, maana kila mwisho wa mwezi napigiwa simu kuhusu bei hiyo hiyo. Na hapa nilipo si New York. Darlington ni nchi ya pamba na vibarua, wengi wanafanya kazi mbili kama mimi. Mzee wangu wa bati anakaa nyumba ya vyumba viwili na gari lake lina umri wa mwanangu. Bati lile halikumgharimu hata senti.

Wala sisemi Wamarekani ni malaika. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilialikwa kwenye mbio nikakataa, kwa sababu ya ile bendera ya waliopigania utumwa iliyokuwa ikipeperushwa kwenye viwanja hivi mpaka NASCAR, wenye kusimamia mbio hizi, walipoipiga marufuku mwaka 2020. Na Wendell Scott, dereva Mweusi, alishinda mbio za Jacksonville Desemba 1963, wakamtangaza mtu mwingine na kumkabidhi kombe. Familia yake ilikuja kupewa kombe la heshima mwaka 2021, mwenyewe ameshafariki zamani. Nililia niliposikia. Lakini angalieni: ilijulikana. Kuna watu waliikumbuka dhuluma ile, wakaisema kila mwaka kwa miaka hamsini na zaidi, mpaka wenye mbio wakaona aibu.

Mwingine ataniambia Safari zilikuwa za wazungu, zilianzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ni kweli kabisa, na mwaka ule wa 1953 Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, watu wetu wako kambini. Basi na hilo liandikwe! Halafu iandikwe nani aliyasukuma magari yale kwenye matope, nani alilala porini na spana mkononi. Tukikaa kimya kwa sababu zilikuwa za wazungu, tunawaachia wazungu hadithi yote pamoja na jasho la baba mdogo.

Na wenzetu hawa nao walinyang'anywa. Mwaka 2004 tarehe yao ya Septemba ilipewa uwanja wa California, na mwaka uliofuata hata jina la Southern 500 likaondolewa. Mzee wangu anauzungumzia mwaka ule kama msiba. Jina lilirudi 2009, tarehe ikarudi 2015, na tangu hapo kila mwaka kuna mbio pale Darlington ambazo madereva huja na magari yaliyopakwa rangi za mababu zao wa mbio. Safari zetu zilitolewa kwenye mbio za ubingwa wa dunia baada ya 2002. Ziliporudi Naivasha, Juni 2021, nilikaa macho usiku kucha na simu mkononi. Nilipoona vumbi lile la Bonde la Ufa nilijisikia mtu mrefu. Na bado sikuweza kumwonyesha jirani yangu hata picha moja ya kopo la biskuti.

Jumapili ile ile nilimpigia baba mdogo. Kwanza alidhani kuna mgonjwa. Nilipomwambia ninachotaka alinyamaza, nikasikia kuku nyuma yake, kisha akauliza, "Unataka ya mwaka gani?" Nilirekodi dakika hamsini na mbili. Nimeandika majina ya mafundi wenzake wanne nyuma ya bahasha, mawili kati yao ni ya utani tu, mengine ameahidi kuyatafuta. Jumamosi nampigia tena. Anasema tutaanzia Pasaka ya 1990, ile ya mvua, na nisikate simu mpaka wafike Mau Summit.