Akifika 18 tunamwachia nani?

Juzi karibu na steji hapa Nakuru kulikuwa na kikundi cha kanisa kinagawa mkate na maziwa kwa watoto wa mtaani, jambo zuri kabisa, lakini vijana wakubwa walipopanga laini wakaambiwa watoke, hii ni ya watoto. Mmoja ndevu ndio zinaanza kumtoka. Alibeba gunia lake la plastiki akaenda bila kusema kitu, na mimi hasira haijaniisha hadi leo.

Huyo ni yule yule mtoto jamani! Miaka kadhaa iliyopita angepewa huo mkate na kupigwa picha, labda hata kupelekwa kituo cha kulea watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inamtambua kama mtoto mpaka 18, akivuka hapo wanaomtafuta ni kanjo, yaani askari wa kaunti, na polisi tu. Sensa ya familia za mtaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, na sio wote ni wadogo.

Mimi nasema tuanze na kitambulisho, hata kabla ya blanketi. Ukienda kuchukua cha kwanza unaulizwa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mzazi, na chifu wa kusema huyu namjua. Sasa kijana aliyetoka kwao akiwa mdogo, mama alishakufa, baba hamjui, atatoa wapi hizo karatasi? Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu, bila laini hana M-Pesa, kwa hivyo pesa anayopata akiuza plastiki na vyuma anakaa nayo mfukoni, na ukilala nje na pesa utaibiwa, ndio maana anaimaliza yote kabla giza liingie halafu sisi tunasema hawa hawajui kuweka akiba. Mjengo wanataka kitambulisho. NYS, ile huduma ya vijana ya serikali, hivyo hivyo. Mwenye ploti naye, hata kama ni chumba cha mabati kule Rhonda, ataomba kopi. Akikutana na polisi usiku hana cha kuonyesha, anaishia seli.

Sawa, wako wanaopora simu, sikatai, na dada yangu ameshanyang'anywa kibeti na mmoja wao. Gundi pia inaharibu watu, ingawa wengi huanza kuvuta kwa sababu ya njaa na baridi. Lakini kuwafukuza si tulishajaribu? Februari 2019 walibebwa usiku hapa mjini wakaenda kuachwa karibu na msitu wa Chemususu huko Baringo, mpaka Seneti ikaingilia. Watoto wa watu, wakatupwa msituni! Nikikumbuka hiyo bado nasikia uchungu.

Kile naomba hakihitaji jengo jipya. Afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti aandamane na kijana hadi kwa chifu, aandike barua, asimame pale mpaka alama za vidole zichukuliwe. Halafu alipiwe chumba miezi michache akijifunza kazi kwa fundi wa jua kali, kwa sababu hakuna mtu anaamka saa kumi na moja kwenda kazini kama usiku mzima alikuwa anafukuzwa kwa veranda za maduka.

Na hilo kanisa la juzi lina mawakili, lina walimu, lina wazee ambao chifu anawajua kwa jina. Nimewaandikia. Wasiponijibu Jumapili nitaenda mwenyewe baada ya ibada, na kama wewe uko Nakuru na unajua chifu anayesikiza watu, niambie tuende pamoja.