Kushika tu, mpaka utoe maelezo?

Hivi hawa Waingereza walikuwa na shida gani wakati wanatunga hizi verb zao? Maana jambo ni moja tu, una mkono, una kitu, umekishika, umekaza, basi yaishe. Wao hapana. Kuna hold, kuna grip, grasp, clutch, clasp, cling, clench, seize, grab, na ukifungua kamusi karibu zote wamekuandikia kushika, kukamata, kushika kwa nguvu, halafu ukiiweka moja mahali pa mwenzake mwalimu anakupiga kosa na peni nyekundu.

Mi balaa hili kaniletea mtoto wa darasa la sita, si unazijua hizi English medium, ada unalipa wewe na homework unafanya wewe.

Ikabidi nimfundishe kwa daladala. Panda la Mbagala saa kumi na mbili jioni, somo lote limo humo. Mama kakumbatia pochi kifuani, vidole vimezama mpaka ngozi ya pochi imekunjamana, ukimgusa bega tu anakugeukia na jicho la wewe-nani, hiyo ndo clutch, kushika ukiwa na hofu. Kijana wa pembeni kashika bomba la juu, hana wasiwasi, ana earphone masikioni, kakaza tu ili dereva akifunga breki asije akamlalia mtu, huyo ana grip. Katoto kameganda kwenye sketi ya mama yake, ukikabandua huku kanajibandika kule, hiyo cling. Jamaa kakanyagwa kidole na kisigino kirefu, anataka kutukana ila kuna wazee mbele yake, kauma meno, ngumi kaifumbata, hapo ni clench, ambayo kazi yake kubwa ni viungo vyako mwenyewe, meno, taya, ngumi. Na yule aliyepitisha mkono dirishani kwenye foleni akaondoka na simu ya watu, huyo ka-grab, na wala hakusubiri tumalize mfano.

Yaani Mwingereza hakuulizi umeshika nini, anataka kujua roho yako ilikuwaje wakati unashika, ulikuwa na hofu, ulikuwa na hasira, ulikuwa na haraka. Sasa hiyo ni grama au nipo kituoni nachukuliwa maelezo? Hata mfa maji wao, kazama mpaka puani, bado wanasema ana-clutch vijiti vya majani makavu. Wa kwetu haachi kutapatapa, hana muda wa kuchagua verb.

Grasp nawasamehe. Ni kukamata kitu mkononi na pia kuelewa, na hata sisi tunasema hili somo sijalishika. Ila clutch hiyo hiyo niliyokwambia ya hofu ndo klachi ya gari, na klachi ukiikanyaga ndo kwanza inaachia! Na kile kipochi cha harusini kisicho na mkanda nacho wanakiita clutch, kwa sababu usipokishika muda wote kinabaki kwenye meza ya watu. Seize ndo usiseme, serikali ikikamata mali yako ime-seize, injini ikikosa oili ikajamu nayo ime-seize, yaani imejikamata yenyewe bila hata hati. Timu ikijihakikishia ubingwa ime-clinch, mabondia wakichoka wakakumbatiana ulingoni napo clinch, mmoja anashangilia mwingine anatafuta pumzi.

Lakini iliyonimaliza ni cleave. Kwenye ile Biblia yao ya King James ya 1611, Mwanzo 2:24, mume ata-cleave kwa mkewe, sisi tunasema ataambatana naye, safi kabisa. Sasa cleave hiyo hiyo, herufi zile zile, ni kupasua kitu vipande, ndo maana lile lijisu pana la buchani linaitwa cleaver. Eti zamani yalikuwa maneno mawili tofauti, yakaja kufanana njiani. Sawa, ila mi nikiwa bwana harusi namwomba mchungaji asome ya Kiswahili.

Mke wangu muda wote huo yuko jikoni kimya anachambua mchele, mara akapaza sauti kwamba baba nanihii acha kuwaonea watu, na sisi tuna shika, shikilia, kamata, fumbata, ambata, ng'ang'ania, mbona hujawahi kulalamika? Nikamwambia hizo nimezaliwa nazo. Akauliza, haya, na wewe ukiishika rimoti saa ya mpira sisi tunataka tamthilia, kwa Kizungu hiyo inaitwaje? Nikamjibu hold, tena kwa kujiamini.

Akasema hold mtu akiombwa anaachia, akamgeukia mtoto: andika cling.