Hilo Dumu la Mafuta ya Chipsi Lina Mwenyewe

Kile kipande cha video kimenifikia mara nne wiki hii, mara ya mwisho kutoka kwa mjomba wangu mwenyewe. Mzungu mwenye ndevu anachuja mafuta yaliyokwisha kukaanga viazi, anayamimina kwenye tangi la gari la dizeli, anawasha, huyoo. Chini yake mtu kaandika kwa herufi kubwa: TUNAIBIWA SHELI. Mjomba akaongezea: "Mpwa wangu, umeona?"

Nimeona, mjomba. Niliona pia siku ile fundi pampu anaifungua Hilux yako. Filta ilitoka imejaa kitu kama mlenda, nozo mbili, zile za kunyunyizia dizeli ndani ya injini, zimevaa masizi, gereji nzima inanukia chipsi mayai. Fundi akauliza kwa adabu zote, "Mzee, hii gari umeilisha nini?"

Sawa, inawezekana, sibishi. Kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel, yule aliyebuni injini ya dizeli, ilizungushwa kwa mafuta ya karanga, na watu wa Bougainville, kisiwa cha Papua New Guinea, walipozingirwa vitani miaka ya 1990, waliendesha magari kwa mafuta ya nazi. Ila video haisemi kwamba mafuta ya kula ni mazito kama mara kumi ya dizeli. Nozo inatakiwa itoe ukungu. Ikipewa hayo inadondosha matone. Yasiyoungua yanateremka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na oili inaanza kugeuka uji. Wanaojua wanafunga tangi la pili, wanawasha kwa dizeli, wanayapasha mafuta kwa maji ya moto ya injini hadi nyuzi 70 hivi, na kabla ya kuzima wanarudi kwenye dizeli kusafisha mirija. Jaribu bila hayo Njombe, asubuhi ya Juni, uone kama utatoka uani. Biodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya kula, nayo inapikwa: lita 100 za mafuta zinataka kama lita 20 za methanoli, pamoja na kostiki soda. Methanoli ndiyo ile inayopofusha watu kwenye pombe haramu. Ukapikie kwako.

Lakini hayo ni ya mafundi. Kinachonichoma ni neno moja: "taka". Yule Mzungu anapewa mafuta bure nyuma ya mgahawa, wanamshukuru kwa kuwapunguzia mzigo. Hapa kwetu nionyesheni hiyo taka. Mafuta yanaingia kwenye karai la chipsi yakiwa meupe. Yanakaanga mpaka usiku, kesho yanaongezewa juu, keshokutwa yanaongezewa tena. Yakifika rangi ya chai ya rangi, yanahamia kwenye mihogo. Yakifika rangi ya kahawa, ananunua mwingine wa kukaangia samaki. Safari yao inaishia tumboni mwetu, hakuna tone linalomwagwa. Nchi yenyewe inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula inayotumia. Alizeti ya Singida na michikichi ya Kigoma bado hazijatutosha. Halafu wewe unataka kulisha gari!

Nakiri jambo moja, tena kwa shingo upande. Akitokea mtu wa kuyanunua yale meusi ili yasirudi kwenye karai, namuunga mkono kwa mikono miwili. Afadhali Fuso ipate kiungulia kuliko mtoto wa shule. Lakini itabidi apandishe bei kumshinda muuza samaki, na akishanunua, akachuja, akapika, hiyo nafuu ya sheli imebaki wapi?

Na msiniletee habari za mbono, ule mmea wa kukamua mafuta ya kuendeshea magari. Kisarawe zilitoka zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya kuupanda, kwa ahadi za ajira na visima. Kufika 2011 mradi ulikuwa umekufa, watu hawana kazi na ardhi hawana.

Jana jioni nilipita kwa kijana wa chipsi wa mtaani kwetu. Chini ya meza kulikuwa na dumu la njano, mdomo wake umezibwa kwa mfuko wa nailoni. Nikamuuliza hayo anayatupa wapi. Alinitazama kama nimemtukana.

"Nitupe? Dada, hayo yana mwenyewe. Mama wa samaki anayafuata saa mbili."

Nikamwandikia mjomba hivyo hivyo, neno kwa neno. Akajibu papo hapo: "Anamuuzia bei gani?"