Sukari ya asubuhi ikiwa juu, usikimbilie kuongeza dozi

Mtu wa kisukari anayechoma insulini akiamka akapima sukari akakuta 12 (kwa mashine zingine hiyo ni kama 216), swali la kwanza atakalopigwa nyumbani ni "kwani jana usiku ulikula nini?" Mi hilo swali limenichosha, maana unaweza kulala na 7, usiguse kitu usiku kucha, na bado ukaamka na 12. Imetoka kwenye ini.

Kuanzia kama saa 9 usiku mwili unajiandaa kuamka, unamwaga homoni kama kotisoli na ile ya ukuaji, zinaliambia ini litoe sukari na hapohapo zinafanya insulini ifanye kazi kwa tabu, sasa mwenye kongosho zima anaongezewa insulini kimyakimya wala hana habari, wewe unategemea ileile uliyochoma jioni. Na kama ni ile ya maziwa, NPH, ile tunayoiviringisha viganjani kabla ya kuchoma, kilele chake ni kati ya masaa 4 na 10 hivi, kwa hiyo ukiichoma kabla ya chakula cha jioni inakuwa kali katikati ya usiku afu alfajiri ndo imechoka. Kuna watu daktari kawasogezea tu sindano hiyo hadi muda wa kulala, dozi haijaguswa, asubuhi ikatulia.

Ndo maana kupandisha dozi ya usiku kwa kuangalia namba ya asubuhi peke yake naona ni kucheza pata potea. Pima unapolala, pima saa 9 usiku (ndiyo, inaudhi), pima ukiamka, rudia siku kadhaa uandike. Ikiwa saa 9 iko sawa afu inapanda, hayo ni mambo ya alfajiri. Ikiwa ilishapanda tangu kati ya usiku, angalia mlo mzito wa mafuta uliokula ukachelewa, au pale unapochoma kila siku mpaka pameota kinundu, maana insulini haiingii vizuri hapo. Ila ukikuta iko chini ya 3.9, au unaamka shuka limelowa jasho na kichwa kinagonga, kuongeza dozi hapo ni kujitafutia balaa.

Wengine wataambiwa kila asubuhi mbaya ni mwili unalipiza baada ya sukari kushuka usiku, hilo ni wazo la Michael Somogyi la miaka ya 1930, lakini tangu zije sensa za kubandika mwilini, zinazopima sukari muda wote, imeonekana mara nyingi aliyeshuka usiku anaamka nayo chini, siyo juu.

Hizo namba tatu zipeleke kwa daktari kabla hajabadilisha chochote, lengo la wengi kabla ya kula ni 4.4 hadi 7.2. Wenye pampu ya insulini wanaiseti tu iongeze kidogo alfajiri wakiwa wamelala, sisi wengine ni alamu ya saa 9 na kutoboa kidole gizani.