Ruzuku ya utangazaji wa umma Marekani: waliolaumiwa siyo waliokatwa

Julai 16, 2025, Seneti ya Marekani ikiwa katikati ya mjadala wa kuziondolea televisheni na redio za umma ruzuku ya serikali, tetemeko la kipimo cha 7.3 lilipiga baharini karibu na Sand Point, mji mdogo wa wavuvi huko Alaska. Tahadhari ya tsunami ikatolewa, na watu wa pwani wakatakiwa kukimbilia sehemu za juu. Lisa Murkowski, seneta wa jimbo hilo kwa tiketi ya Republican, akawaonyesha wenzake jinsi vituo vya umma vya kwao vilivyokuwa vikiwahabarisha watu saa zile zile. Hawakutikisika. Usiku huo huo muswada ulipita kwa kura 51 dhidi ya 48, na katika chama chake aliyeungana naye kuupinga ni Susan Collins wa Maine peke yake. Baraza la Wawakilishi nalo likaupitisha kwa kura 216 dhidi ya 213. Rais Donald Trump akatia saini Julai 24.

Fedha za utangazaji zilizofutwa ni dola bilioni 1.1, yaani mgao wa miaka miwili wa Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB. Shirika hili halikuwa na kamera wala studio. Liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, enzi za Rais Lyndon Johnson, lipokee fedha za Bunge na kuzigawa, na sehemu kubwa, zaidi ya asilimia 70, ilikuwa ikienda kwenye vituo vya majimboni, ambavyo vinapita 1,500. Wiki moja baada ya saini ya Rais, CPB ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake.

Nianze na hoja za waliokata, maana watetezi wa utangazaji wa umma wana tabia ya kuzipita haraka. Mwaka 1967 familia ya Marekani ilichagua kati ya mitandao mitatu mikubwa ya televisheni, basi. Leo mtoto ana simu mkononi. Hata Sesame Street, kipindi cha watoto ambacho kila mtetezi hukikimbilia, kiliwahi kuuza vipindi vyake vipya kwa chaneli ya kulipia ya HBO kabla ya kuoneshwa bure, na mwaka 2025 kikafunga mkataba na Netflix. Kama soko linakitaka, mlipa kodi anatafuta nini hapo?

Hoja nzito zaidi ni ya upendeleo. Aprili 2024 Uri Berliner, mhariri mkongwe wa NPR, redio ya umma ya taifa, aliandika kwamba katika ofisi yao ya Washington alihesabu watu 87 wa upande wa uhariri waliojiandikisha kama wapiga kura wa Democratic, na wa Republican hakumpata hata mmoja. Uongozi wa NPR uliikataa picha aliyoichora, naye hakukaa sana akajiuzulu. Hata ukiipunguza hesabu yake nusu, swali linabaki: kwa nini mfugaji wa Wyoming akatwe kodi kugharamia chumba cha habari kisicho na mtu hata mmoja anayefikiri kama yeye? Sioni kama ni swali la kijinga. Wala halijibiwi kwa kusema fedha zenyewe ni kidogo, ingawa kweli ni kidogo: katika kila dola 100 za matumizi ya serikali kuu, CPB haikuwa ikifikiwa na senti moja.

Tatizo liko kwenye panga lilipoangukia. NPR, mlengwa mkuu wa hasira hizi, ilikuwa ikipata moja kwa moja kutoka CPB takriban asilimia moja tu ya mapato yake. Fedha nyingine za CPB ziliifikia kupitia ada ambazo vituo viliilipa. PBS, mtandao wa televisheni ya umma, ilipata kama asilimia 15, na Agosti ikalazimika kupunguza bajeti kwa asilimia 21. Hayo yanauma lakini hayaui. Wanaouawa ni vituo vidogo vya vijijini, ambavyo baadhi vilitegemea CPB kwa nusu ya bajeti au zaidi. Boston ina wahisani, vyuo vikuu na makampuni ya kudhamini. Mji wa wavuvi una mnara, mtambo wa kurushia matangazo, fundi mmoja na msimu mbaya wa samaki. Mwenye Netflix hatakwenda kuutengeneza ule mtambo.

Michango ya wasikilizaji na watazamaji iliongezeka baada ya ukataji, na taasisi kubwa za hisani, zikiwamo Knight na MacArthur, ziliahidi karibu dola milioni 37 za kuokoa vituo vilivyo hatarini. Ni jambo la kushukuru, ila pengo ni la zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka.

Tena sidhani kwamba watetezi wana haki ya kushangaa. Mei 1969, Rais Richard Nixon akitaka bajeti ya utangazaji wa umma ipungue, Fred Rogers, mtangazaji wa watoto, aliketi mbele ya seneta John Pastore, mtu mkavu aliyekuwa ameshachoshwa na taarifa za kusomewa. Rogers aliweka karatasi pembeni, akazungumza taratibu kama dakika sita kuhusu hasira za mtoto na namna ya kuzituliza. Pastore akakiri kwamba mwili umemsisimka, kisha akamwambia kuwa dola milioni 20 zilizokuwa zikibishaniwa inaonekana amezipata. Wamarekani huisimulia habari hii kama ushindi. Mimi inanitisha: chombo cha taifa kilinusurika kwa sababu seneta mmoja aliguswa moyo siku hiyo. Ujerumani kila kaya inalipa euro 18.36 kwa mwezi, na mjadala wa bajeti ya mwaka haufiki huko. Wamarekani walijaribu kinga yao kwa kutenga fedha miaka miwili kabla. Julai 2025 kinga hiyo ilichanwa kwa kura chache.

Upande wa sanaa mambo ni yale yale, kasoro kelele. Ijumaa ya Mei 2, 2025, saa chache baada ya Ikulu kupendekeza Mfuko wa Taifa wa Sanaa, NEA, ufutwe kabisa, vikundi vya maigizo na majarida ya fasihi vilianza kupokea barua pepe za kusitishiwa ruzuku. Bajeti ya NEA ilikuwa dola milioni 207, na kwa kawaida anayepewa dola moja hutakiwa kutafuta nyingine kwingine, kwa hiyo ikiondoka moja, ya pili nayo hulegalega. Mfuko huu ulishachapwa katikati ya miaka ya 1990, baada ya ugomvi wa picha za wapigapicha Andres Serrano na Robert Mapplethorpe, zilizoshutumiwa kuwa chafu na za kukufuru: bajeti ilishuka kutoka dola milioni 162 hadi 99, na ruzuku nyingi za msanii mmoja mmoja zikafutwa. Tangu hapo fedha zake hupitia zaidi kwenye taasisi, ambazo kwa kawaida huwa na woga kuliko msanii.

Waliokata, nao, walijua panga linakata nani. Mike Rounds, seneta wa Republican kutoka South Dakota, hakukubali kuunga mkono muswada mpaka Ikulu ilipomwahidi takriban dola milioni 9 kutoka mfuko mwingine kwa ajili ya vituo vya jamii za wenyeji asilia. Ahadi hiyo haikuandikwa ndani ya muswada aliokwenda kuupigia kura ya ndiyo.